Tandiko la dresaji lisilo na kiunzi: namna ya kulichagua kwa farasi mwenye mgongo mwepesi kuumia

Tandiko la kawaida la Kiingereza lina kiunzi ndani yake. Zamani kilikuwa cha mbao za tabaka zilizogandishwa na kutiwa vyuma vya springi. Siku hizi kuna vya plastiki ngumu na vya nyuzi za kaboni pia. Kiunzi hicho kina kazi mbili: kinautandaza uzito wa mpandaji juu ya misuli mirefu iliyolala pande mbili za uti wa mgongo, na kinaweka uwazi juu ya uti wenyewe ili usiguswe. Ubaya wake ni kwamba umbo lake halibadiliki. Farasi akinenepa, akikonda, akijenga misuli au akizeeka, kiunzi kiko vilevile, na ncha zake za mbele huanza kuchoma nyuma ya kombe la bega.

Tandiko lisilo na kiunzi limeondoa ubaya huo, lakini limeondoka na zile kazi mbili pia. Wanunuzi wengi hukosea hapo. Hulibonyeza dukani, wakaliona laini mkononi, wakaamini litakuwa laini mgongoni. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walichapisha vipimo vya farasi 8 waliopandwa kwa mwendo wa matiti, mpandaji akiwa amekaa kitako, na chini ya tandiko pakiwa na mkeka wa kupima mgandamizo. Tandiko lisilo na kiunzi lililopimwa liligusa eneo dogo zaidi la mgongo, na mgandamizo wake wa juu kabisa ulizidi ule wa tandiko la kawaida. Hiyo si sababu ya kuyakataa matandiko haya. Ni sababu ya kujua kwamba kazi ya kiunzi lazima ifanywe na kitu kingine, na kitu hicho ni kigodoro kinachowekwa chini ya tandiko. Kwa hiyo usinunue tandiko leo na kigodoro mwezi ujao. Vichague pamoja, vijaribu pamoja, na ukikirudisha kimoja dukani uwe tayari kukirudisha na cha pili.

Maneno machache kabla ya kuanza. Dresaji ni mchezo wa kumpanda farasi aliyefunzwa kwa miondoko yenye mpangilio. Kinundu hapa ni ule mwinuko wa mfupa ulio juu ya mabega, pale shingo inapoishia. Vikuku ni vyuma vya kuwekea miguu. Mkanda wa tumbo unajieleza. Mwendo wa matiti ni zile mbio fupi ambazo miguu hupiga miwili miwili kwa mshazari, na shoti ya polepole ndiyo inayofuata juu yake.

Hatua ya kwanza: jua farasi anaumwa wapi

Farasi akilaza masikio ukimkaribia na tandiko, akitaka kuuma wakati wa kukaza mkanda, au akizamisha mgongo unapopanda, anasema kitu. Asemalo si lazima liwe kuhusu tandiko. Vidonda vya tumbo, meno, kilema kidogo cha mguu wa nyuma na pingili za mgongo zinazogusana huleta dalili hizohizo, na hakuna tandiko linalotibu hata kimoja. Daktari wa mifugo Sue Dyson wa Uingereza na wenzake walitunga orodha ya tabia 24 za kuangaliwa farasi akiwa amepandwa, kama vile kupiga mkia, kufungua kinywa, kulaza masikio kwa muda na kujikwaa mara kwa mara. Farasi anayeonyesha 8 au zaidi huenda ana maumivu ya viungo au misuli. Huyo aanze kwa daktari.

Ukishapata ruhusa ya daktari, tofautisha wepesi wa ngozi na maumivu ya misuli. Pitisha ncha za vidole juu ya mgongo bila kukandamiza, kama unafuta vumbi. Ngozi ikitetemeka na farasi akakunja uso, tatizo ni ngozi: atasumbuliwa na mshono, kingo za kigodoro, chumvi ya jasho lililokauka na nyuzi za plastiki. Kisha kandamiza kwa ncha za vidole vitatu kwa nguvu ya wastani, upana wa kiganja kutoka katikati ya uti, ukienda taratibu kutoka nyuma ya bega hadi mwisho wa mbavu. Akizama au msuli ukikakamaa upande mmoja, hayo ni maumivu ya misuli, na apumzishwe mpaka yaishe kabla ya kujaribu tandiko lolote. Ukijaribu tandiko juu ya mgongo unaouma, kila tandiko litaonekana baya, au mbaya zaidi, lililo baya litaonekana afadhali kwa sababu tu halikugusa pale pale.

Tafuta pia nywele nyeupe zilizoota juu ya mgongo wa farasi wa rangi nyeusi au kahawia. Ni kovu la mgandamizo wa zamani. Weka alama sehemu hizo kwa chaki, utazihitaji baadaye.

Hatua ya pili: piga hesabu ya uzito

Bila kiunzi, uzito wa mpandaji hushuka karibu wima chini ya mifupa ya makalio yake. Ndiyo maana uzito una maana kubwa zaidi hapa kuliko kwenye tandiko la kawaida.

Kama huna mizani ya farasi, tumia futikamba. Pima mzingo wa kifua kwa sentimita, nyuma tu ya miguu ya mbele na juu nyuma ya kinundu, farasi akiwa ametoa pumzi. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya nyonga nyuma. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha jibu kwa urefu, kisha gawa kwa 11,880. Farasi mwenye mzingo wa sentimita 180 na urefu wa 160 hutoka kilo 436 hivi.

Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio uliochapishwa mwaka 2008, farasi waliobeba asilimia 25 na 30 ya uzito wao walionyesha misuli kuuma na kukakamaa zaidi kuliko walipobeba 15 na 20. Wengi huichukua 20 kama mpaka, wakihesabu mpandaji, nguo zake na tandiko. Kwa tandiko lisilo na kiunzi juu ya mgongo mwepesi kuumia, sisi tunashauri usivuke 15. Kwa farasi wa kilo 436 hiyo ni kilo 65 zote pamoja. Mpandaji wa kilo 80 asijidanganye kwa kununua kigodoro kinene. Atafute tandiko lenye kiunzi linalomkaa farasi vizuri. Watengenezaji wengi nao huweka kikomo chao cha uzito, na kikomo hicho huandikwa kwa kufikiria mgongo wenye afya.

Hatua ya tatu: chora mgongo

Pata rula inayopindika au waya mnene wa umeme unaoshika umbo. Farasi asimame sawa, miguu minne ikiwa mraba, kichwa mbele. Tafuta ukingo wa nyuma wa kombe la bega kwa vidole, kisha mwombe mwenzako aunyanyue mguu wa mbele na kuuvuta mbele: utahisi kombe likirudi nyuma. Mwisho wa safari hiyo ndipo tandiko linaporuhusiwa kuanza. Laza waya juu ya mgongo kwa kukingama hapo, ubonyeze ufuate umbo, uhamishie kwenye karatasi na uchore. Rudia pale mgongo unapozama zaidi, na mara ya tatu kwenye ubavu wa mwisho. Ubavu huo utaupata kwa kuushika upande wa tumbo na kuufuata juu mpaka kwenye uti. Nyuma yake ni kiuno, na kiuno hakibebi uzito wa mpandaji. Farasi wengi wana pingili 18 zenye mbavu. Baadhi ya farasi wa Kiarabu wana 17, kwa hiyo eneo lao la kubebea ni fupi zaidi.

Andika tarehe juu ya karatasi. Sasa soma umbo la kwanza, lile la nyuma ya bega.

Likiwa kama herufi A kali, yaani kinundu kirefu chenye mashimo pande zote, tandiko lisilo na kiunzi litashuka na kukaa juu ya mfupa. Kigodoro chenye vijalizo, yaani vipande vya kuongezea unene pale penye shimo, kinaweza kusaidia kama mashimo ni madogo. Yakiwa makubwa, acha. Mfupa wa kinundu ukichubuka na kuingia usaha ni ugonjwa wa miezi.

Likiwa kama pipa, bila kinundu cha kushikia, shida ni nyingine: tandiko litazunguka. Linafaa, lakini uchaguzi wa kigodoro na tabia ya mpandaji vitaamua.

Umbo la kati, lenye kinundu cha wastani na misuli iliyojaa pande zote, ndilo linalopokea matandiko haya vizuri zaidi.

Kushoto na kulia zikitofautiana, na mara nyingi hutofautiana, weka kumbukumbu ni upande upi ulio bapa zaidi. Tandiko la namna hii litaegemea huko.

Hatua ya nne: tandiko lenyewe

Jina linapotosha kidogo, kwa kuwa matandiko mengi ya aina hii bado yana kitu kigumu mbele: upinde wa plastiki au wa nyuzi ulioko juu ya kinundu. Ya Barefoot, kwa mfano, yana upinde unaobadilishwa kwa upana tofauti. Ya Ansur ya Marekani hayana hata huo. Freeform na Ghost hushikiza kiti juu ya msingi kwa velkro, hivyo unaweza kukisogeza kidogo mbele au nyuma. Kwa farasi mwenye kinundu, chagua lenye upinde, na liwe linalobadilishwa. Upinde mwembamba hubana kama koleo. Ulio mpana mno hushuka mpandaji akikaa. Mpandaji akiwa juu, vidole viwili hadi vitatu vipite juu ya kinundu na kimoja kila upande. Kipimo cha tandiko tupu hakikuambii kitu, kwa sababu likikaliwa hushuka.

Ligeuze chini juu. Tafuta mahali mikanda ya vikuku inapofungwa. Kwenye tandiko la kawaida, mvuto wa vikuku huenda kwenye kiunzi. Hapa mara nyingi kuna utepe mmoja unaopita juu ya mgongo kutoka kikuku hadi kikuku, na kila mpandaji anaponyanyuka kwa mwendo wa matiti uzito wake wote hushuka juu ya utepe huo. Ndiyo sababu ya farasi kuvimba mistari miwili ya mbele baada ya saa moja ya kazi. Utepe wenye upana wa vidole viwili ukataliwe. Unachotaka ni mikanda inayogawanyika mbele na nyuma kama V, au iliyoshonwa kwenye kipande kipana na kigumu kiasi chenye kueneza mvuto.

Angalia pia kama ukanda wa kikuku unaweza kuchomoka wenyewe mpandaji akianguka. Kwenye matandiko haya mengi haichomoki, kwani imefungwa kwenye pete. Vikuku vya usalama, vile vinavyofunguka ubavuni, basi ni lazima, pamoja na viatu vyenye kisigino.

Kwa dresaji kuna suala la mkao. Mguu hushuka mrefu, na sikio, bega, nyonga na kisigino vya mpandaji viwe kwenye mstari mmoja wa wima. Vikuku vikifungwa mbele mno, miguu hutangulia, mwili hubaki nyuma kama mtu aliye kwenye kiti cha sebuleni, na uzito huangukia karibu na kiuno cha farasi. Kaa, legeza miguu, uache vikuku: vining'inie pale pale kisigino kilipo. Vikiwa mbele kwa zaidi ya upana wa vidole vinne na kiti hakisogei, tandiko hilo si la dresaji hata kama limeandikwa hivyo.

Kiti kisicho na kiunzi huwa kipana kati ya mapaja, kwani hakuna kiunzi cha kukipunguza kiuno chake. Mpandaji mwenye nyonga nyembamba atasikia maumivu ndani ya dakika 20 na kuanza kubana magoti, na farasi mwepesi wa hisia atakimbia mbano huo. Tafuta kiti kilichojengwa juu kidogo kwa sponji ngumu katikati. Ukubwa wa kiti: kiganja kimoja kibaki nyuma ya makalio. Rangi na urembo wa ngozi ni shauri lako.

Kama unashindana, soma kanuni kabla ya kulipa. Kanuni za dresaji za shirikisho la Marekani zinaruhusu tandiko la Kiingereza lenye kiunzi au lisilo nacho, ila lisiwe na pembe mbele kama la wachunga ng'ombe wala uwazi wa katikati usiofunikwa. Mashirikisho mengine yana maneno yao. Pata jibu la maandishi.

Hatua ya tano: kigodoro

Hapa usibanie pesa. Kigodoro cha pamba cha kawaida, hata kikunjwe mara tatu, hakifanyi kazi ya kiunzi.

Kinachotakiwa ni kigodoro chenye mito miwili mirefu na mfereji katikati. Mfereji uwe na upana wa sentimita 6 hadi 8 kutoka mbele hadi nyuma, usibanwe katikati kwa mshono. Mito iwe na mifuko ya kuingizia sponji, ili uweze kubadilisha na kuongeza vijalizo. Sponji iwe na unene wa milimita 15 hadi 25. Mpandaji mwepesi juu ya mgongo wenye misuli anatosheka na 15. Zaidi ya 25 tandiko huanza kuyumba kama mtumbwi, mpandaji hujishikilia, na faida yote hupotea.

Ubora wa sponji haujulikani kwa macho. Iweke juu ya meza na uikandamize kwa ngumi kwa uzito wa mwili. Ukiisikia meza, sponji hiyo ni laini mno. Ikikataa kabisa kubonyea, ni ubao. Unayoitaka hubonyea nusu na kurudi taratibu. Sufu iliyoshindiliwa yenye unene wa milimita 20 au zaidi ni mbadala mzuri, na kwenye joto na unyevu wa pwani, iwe Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, tunaipendelea, kwa kuwa hunyonya jasho na haichemshi ngozi. Vigodoro vya jeli tunavikwepa: ni vizito, hushika joto, na jeli huhama kutoka pale inapohitajika.

Kingo za kigodoro zitoke nje ya tandiko kwa sentimita 3 hadi 5 mbele na nyuma, ili mshono usibanwe kati ya tandiko na ngozi. Kwa farasi wa ngozi nyepesi, upande unaogusa mwili uwe wa sufu ya kondoo au pamba laini.

Vijalizo huingizwa pale palipo na shimo, kwa kawaida nyuma ya bega. Anza na milimita 5, kingo zake ukizichonga kwa mshazari. Kijalizo chenye ukingo wima huacha mstari mgongoni kama fito. Upande bapa ukihitaji zaidi, ongeza upande huo peke yake, na upime tena kila mwezi.

Hatua ya sita: kutandika

Mara nyingi kazi hii hufanywa na saisi, basi aelezwe naye. Weka kigodoro na tandiko mbele kidogo juu ya kinundu, kisha virudishe nyuma taratibu ili manyoya yalale, mpaka kombe la bega liwe huru. Ingiza mkono chini mbele na uvute kigodoro juu kiingie kwenye uwazi wa tandiko. Kikiachwa kimetandazwa juu ya kinundu, mkanda ukikazwa kitavutwa chini kama kamba.

Mkanda uwe na mpira pande zote mbili, si upande mmoja. Kaza mara tatu: kidogo zizini, kidogo baada ya kutembea hatua 20, na mwisho kabla ya kupanda. Panda kwa kipandio, mwenzako akishika kikuku cha upande wa pili. Kupanda kutoka chini hulivuta tandiko lote upande na kumkwaruza farasi kwenye uti. Likizunguka, usijibu kwa kukaza zaidi. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hulikunja tandiko laini mbele na nyuma, na farasi huumia kifuani pia. Tafuta sababu: kigodoro kinateleza, ni kinene mno, au mpandaji anakanyaga kikuku kimoja zaidi.

Hatua ya saba: jaribio

Omba muda wa kujaribu wa angalau wiki moja. Dakika tano ndani ya ua wa duka hazitoshi.

Tandaza shuka jeupe jembamba, safi, chini ya kigodoro, farasi akiwa hajapigwa brashi sana. Mpandaji akae, farasi asimame. Pitisha vidole bapa chini ya kigodoro kutoka mbele hadi nyuma kila upande. Mgandamizo uwe sawa bila mahali panapobana vidole. Mwambie asimame juu ya vikuku na upitishe tena karibu na utepe wa vikuku. Chungulia kutoka nyuma: uone mwanga ukipenya mferejini.

Kisha dakika 10 za kutembea, 5 za matiti kwa kunyanyuka, 2 za matiti kwa kukaa, na shoti ya polepole mara moja kila upande kwenye duara la mita 20. Mtu aliye chini aangalie mkia, masikio na urefu wa hatua ya mbele. Farasi anayeridhika hushusha shingo na kupuliza pua. Hatua zikifupika baada ya dakika chache, simama.

Vua tandiko na usome shuka. Uchafu uwe mistari miwili mipana iliyofifia sawasawa, na mstari safi katikati. Doa jeusi la mviringo ni mgandamizo. Uchafu katikati maana yake uti umeguswa, na hapo hakuna mjadala. Soma na jasho: sehemu kavu ndogo iliyozungukwa na jasho ni ama mgandamizo mkali ama mahali pasipoguswa, na tofauti utaijua kwa kubonyeza na kwa kulinganisha na ile chaki ya nywele nyeupe. Manyoya yaliyosimama au kuvurugika yanaonyesha tandiko linatembea.

Bonyeza mgongo mara moja, tena baada ya saa mbili, kisha kesho yake asubuhi. Uvimbe mwingi hautokei papo hapo. Damu hurudi sehemu iliyobanwa ngozi ikishaachiwa. Matokeo ya kesho yake ndiyo ya kuamini kuliko yote.

Akipita, mpande dakika 15 hadi 20 siku moja na kumpumzisha inayofuata kwa wiki mbili, kabla ya kufika dakika 40. Chora mgongo upya baada ya wiki 6 na uweke karatasi juu ya ile ya kwanza. Misuli ikiwa imejaa nyuma ya bega, toa vijalizo au ongeza upana wa upinde, maana tandiko lililofaa mwanzoni sasa litaanza kubana. Mashimo yakiwa yamezidi, liondoe tandiko hilo hata kama farasi hajalalamika. Sponji nazo zijaribiwe kwa ngumi mezani kila baada ya miezi mitatu, na siku utakapoisikia meza, badilisha zote mbili kwa pamoja, kushoto na kulia.